Kama Uliona The Good Nurse, Soma Hii: Vile Kompyuta ya Hosi Inaweza Kunusa Makosa Ambayo Hakuna Mtu Hutaja

Kama wewe ni mtu wa Netflix, kuna uwezekano mkubwa ulicheki The Good Nurse, ile filamu ya 2022 ya Eddie Redmayne na Jessica Chastain. Hiyo si stori ya kutungwa. Charles Cullen alikuwa nesi Marekani, msee mpole, hana kelele, wa kusaidia wenzake zamu ya usiku. Kwa miaka 16 alizunguka hosi za New Jersey na Pennsylvania akimaliza wagonjwa kwa dawa kama digoksini na insulini. Alikiri kuua watu 29. 2006 akagongwa vifungo 11 vya maisha, kimoja juu ya kingine.

Wengi hukumbuka uso wa Redmayne na ile baridi ya mgongo. Kitu wengi hupitwa nacho ni vile kesi ilijengwa. Kwa hosi yake ya mwisho, dawa zilikuwa zinawekwa kwa kabati za kompyuta. Hufungui droo kabla ujitambulishe, na kila ukifungua, mashine inaandika: nani, saa ngapi, dawa gani, ya mgonjwa yupi. Hizo rekodi zilionyesha Cullen anaitisha dawa ambazo hakuna daktari aliandika, anaitisha halafu anakansel hapo hapo, na anachungulia mafaili ya wagonjwa ambao si wake. Mwenzake, nesi Amy Loughren, aliposhirikiana na makachero na kuziangalia, akajua kuna ngori.

Sasa tulia ufikirie kidogo. Hiyo data yote ilikuwa imekaa kwa mashine. Hakuna mtu alikuwa ameiuliza maswali mapema.

Na hiyo ndiyo stori ya leo: vile hosi zinaweza kutumia rekodi za kielektroniki kugundua mgonjwa ameumizwa, hata kama hakuna mtu amefungua mdomo. Usiogope, wauaji kama Cullen ni wachache sana. Madhara mengi ya hosi hayaletwi na watu wabaya. Yanaletwa na watu wazuri waliochoka, kwa sistimu mbovu, saa tisa usiku. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema karibu mgonjwa 1 kwa kila 10 huumizwa akipewa huduma ya afya, na zaidi ya watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu ya huduma isiyo salama. Zaidi ya nusu ya hayo madhara yangeweza kuzuiwa.

Kumbuka hapa hatuongelei ugonjwa uliokupeleka hosi. Tunaongelea kile ulipata ukiwa huko ndani.

KWANI HOSI HAZIJUI ZENYEWE?

Njia ya kizamani ni hii: kosa likitokea, daktari au nesi anajaza fomu anasema, "Leo tulimpa mgonjwa dozi kubwa kuliko inavyofaa." Kwa karatasi inakaa fiti. Kwa ground, vitu ni different, kama tunavyosema.

Jiweke kwa viatu vya huyo nesi. Ana wagonjwa wodi nzima, zamu inaisha, miguu inauma. Akijaza fomu anaweza kuitwa ofisini, anaweza kupoteza kazi, anaweza kujipata kortini. Na mara nyingi hata hajui kama kulikuwa na kosa. Mgonjwa alizidiwa, akasaidiwa, akapona. Maisha ikasonga. Fomu ya nini?

Matokeo yake ni kwamba makosa yanayoripotiwa ni tone tu. Wamarekani walipima hii kitu kitambo. Kwa LDS Hospital, mji wa Salt Lake City, jimbo la Utah, daktari David Classen na wenzake waliacha kompyuta ichunge wagonjwa 36,653 kwa miezi 18. Matokeo yakachapishwa 1991. Walipata visa 731 vilivyothibitishwa vya watu kudhurika na dawa. Unajua wafanyakazi wenyewe waliripoti vingapi? 92. Hivyo vingine vingepita tu kama upepo.

Miaka 20 baadaye, 2011, Classen akarudi na kazi ingine. Saa hii ni hosi 3 za Marekani, na si hosi mbovu, ni hosi zilizokuwa zimeshaweka nguvu kwa usalama wa wagonjwa. Mafaili 795 yakasomwa kwa njia tofauti tofauti. Ile njia ya kutafuta alama za hatari kwa faili ilipata madhara 354. Njia ya kuangalia kodi za bili ilipata 35. Ripoti za wafanyakazi? Zilipata 4.

Rudia hiyo namba ukiwa umekaa chini. 354 kwa 4.

ALAMA ZA HATARI, AU VILE UNAJUA MOSHI BILA KUONA MOTO

Swali ni, kompyuta inajuaje? Haiwezi kuona mgonjwa akilia. Haina macho.

Ujanja ni kutotafuta kosa lenyewe. Unatafuta alama ambayo kosa huacha nyuma. Ni kama mathe wako. Hakukupata ukirudi saa kumi usiku, lakini asubuhi anaona viatu vina matope, mlango wa nyuma haujafungwa vizuri, na sufuria ya ugali imekwanguliwa. Anaanza kuuliza maswali, na maswali yake huwa ya maana.

Kwa hosi, alama kali kuliko zote ni dawa ya kuzima dawa. Chukua mofini. Ni dawa nzito ya maumivu, na ukipewa nyingi sana inaweza kuzima kupumua. Dawa ya kuizima inaitwa naloksoni. Sasa, kama faili linaonyesha mgonjwa alipewa mofini saa tano usiku, halafu saa nane usiku akadungwa naloksoni haraka haraka, huhitaji kuwa Sherlock Holmes. Kuna kitu kilienda mrama katikati.

Mfano mwingine ni wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Ikizidi, unaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Kipimo chake kinaitwa INR, na ikipita 6 hiyo ni kengele. Ukiona pia mgonjwa amepewa vitamini K ghafla, hiyo ndiyo dawa ya kurudisha damu kwa hali yake. Kengele ya pili.

Shirika moja la Marekani linaloitwa Institute for Healthcare Improvement lilikusanya alama kama hizi likazifanya orodha ambayo hosi za nchi nyingi hutumia. Cheki baadhi yake:

- Sukari ya damu kushuka chini ya 50 (kwa kipimo cha miligramu kwa desilita). Labda insulini ilizidi.
- Damu kupungua kwa robo au zaidi ghafla. Labda mtu anavuja mahali.
- Mgonjwa kurudishwa thieta baada ya kupasuliwa. Labda kazi ya kwanza iliacha shida.
- Mgonjwa wa wodi ya kawaida kukimbizwa ICU.
- Mgonjwa kuanguka akiwa hosi.
- Mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kurudi ndani ya siku 30.

Sasa sikiza hapa vizuri, ju watu wengi huteleza: alama si hukumu. Mtu anaweza kurudishwa thieta kwa sababu nzuri kabisa iliyopangwa. Sukari inaweza kushuka kwa sababu mgonjwa amekataa kula. Ndio maana kompyuta inainua mkono tu na kusema, "Hebu cheki hili faili." Halafu binadamu aliyesomea hiyo kazi analifungua, anaangalia kama mgonjwa aliumia kweli, aliumia kiasi gani, na kama ingeweza kuzuiwa. Kwa ile njia ya orodha, msomaji hupewa dakika 20 tu kwa kila faili. Hasomi kila neno kama riwaya. Anaenda moja kwa moja kwa dawa, vipimo, thieta, na ripoti ya kuruhusiwa.

Mafaili ya karatasi hiyo kazi ni mateso. Unachagua mafaili machache kila mwezi unakaa na miwani. Mafaili yakiwa kwa kompyuta, mashine inapitia yote, kila usiku, bila kuomba chai.

KUTUMA, KURUDISHA, KUTUMA TENA: MTEGO WA M-PESA

Hii ndiyo sehemu itakubamba kama wewe ni Mkenya wa kawaida.

Imagine mtu anatuma shilingi 2,000 kwa M-Pesa. Dakika mbili baadaye anaomba irudishwe. Dakika tatu baadaye anatuma shilingi 2,000 ile ile kwa namba ingine. Wewe huwezi kuona moyo wake, lakini unajua kabisa nini kimefanyika: alituma kwa mtu si yeye.

Daktari Jason Adelman na wenzake kwa Montefiore Medical Center, New York, walitumia akili hiyo hiyo kwa maagizo ya dawa na vipimo. Walisema hivi kwa kompyuta: tafuta kila mahali daktari ameandika agizo kwa mgonjwa mmoja, akalifuta ndani ya dakika 10, halafu ndani ya dakika zingine 10 akaandika agizo lile lile kwa mgonjwa mwingine. Hiyo ni harufu ya mtu aliyefungua faili lisilo lake, akashtuka, akarekebisha.

Kisha wakawapigia madaktari simu kuthibitisha. Karibu robo tatu ya hizo alama zilikuwa kweli: agizo liliandikwa kwa mgonjwa wa makosa. Wakapiga hesabu ya mwaka 2009 wakakuta kama visa 5,246. Hiyo ni kama 14 kila siku, kwa taasisi moja. Wagonjwa hao hawakuumia kwa sababu daktari aligutuka mapema. Lakini jiulize, ni wangapi hawakugutukiwa?

Na hapa kuna utamu wake. Hakuna mtu angejaza fomu kusema, "Nilikosea, nikarekebisha baada ya dakika mbili." Kosa kama hilo halikuwa na mahali pa kuishi. Kompyuta ikalipa nyumba. Baada ya kujua ukubwa wa shida, wakajaribu dawa: kabla ya kuandika agizo, daktari analazimika kuthibitisha jina au kuandika herufi za kwanza za jina la mgonjwa, jinsia na umri. Makosa yakapungua. Ile ya kuandika mwenyewe ilisaidia zaidi, kwa sababu kubonyeza tu "ndiyo" kila mtu hubonyeza akiwa amelala.

LAKINI USIFIKIRIE KOMPYUTA NI MALAIKA

Kuna watu wataskia hii yote waseme basi, nunua mashine, funga stori. Zii. Mashine pia hubeba mambo yake.

Kwanza, kelele. Ukiwa na kundi la WhatsApp lenye meseji 400 kwa siku, unafanya nini? Unalizima sauti. Madaktari ni watu kama wewe. Kompyuta ikipiga kengele kwa kila kitu kidogo, wanaanza kubonyeza zipotee bila kusoma. Siku ya kengele ya kweli, nayo inapita hivyo hivyo.

Pili, mashine inaweza kukosa. Kuna programu ya kampuni ya Epic ya Marekani iliyotengenezwa kutabiri sepsisi, ile hali ambapo mwili unapigana na maambukizi mpaka unajiharibu wenyewe. Ilitumika kwa mamia ya hosi. 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wakaipima kwa wagonjwa wao. Ilikosa asilimia 67 ya wagonjwa wenye sepsisi, na bado ilipiga kengele kwa asilimia 18 ya wagonjwa wote waliolazwa. Yaani kelele nyingi na shabaha kidogo. Kampuni ingesema mashine inafanya kazi. Hesabu huru ilionyesha kitu kingine. Funzo ni moja: mtu anayepima mashine asiwe yule anayeiuza.

Tatu, takataka ikiingia, takataka inatoka. Kama nesi anaandika saa za dawa zote mara moja mwisho wa zamu, kompyuta itaamini. Kama wodi nzima inatumia pasiwedi moja iliyobandikwa kwa ukuta, hutawahi jua nani alifungua faili. Ile rekodi iliyosaidia kumnasa Cullen ilikuwa na maana kwa sababu jina lilikuwa lake.

Nne, na hii ndiyo noma zaidi: ukitumia hizi alama kutafuta wa kufuta kazi, umeua mpango wote. Watu wataacha kuandika ukweli kwa faili. Waliobobea kwa hii kazi huangalia sistimu kwanza. Kwa nini chupa mbili za dawa tofauti zinafanana? Kwa nini nesi mmoja ana wagonjwa wengi hivyo? Mtu anayeua makusudi ni kesi ya makarao. Mtu aliyekosea akiwa amechoka ni kesi ya ratiba.

NA SISI HUKU KENYA?

Hatuko nyuma vile unafikiria. 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, huko karibu na Eldoret, kilianza kutumia rekodi za wagonjwa za kompyuta, kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na Indiana ya Marekani. Kutoka hapo ikaja OpenMRS, programu ya bure ambayo leo inatumika nchi nyingi. KenyaEMR, inayotumika sana kwa kliniki za HIV, imejengwa juu ya hiyo. Yaani kitu cha Eldoret kimetembea dunia kabla ya wewe kupata pasipoti.

2023 tukapata Sheria ya Afya ya Kidijitali, inayotaka taarifa za afya zikae kwa mfumo mmoja ulioungana. Wazo ni kwamba rekodi yako ikufuate, ukitoka kliniki ya mtaa mpaka hosi ya rufaa.

Lakini ukweli wa mtaani unaujua. Sehemu nyingi bado ni kadi, kitabu cha mazoezi, na mwandiko ambao hata aliyeandika hawezi kusoma. Na mahali kompyuta zipo, mara nyingi ziliingia kupitia dirisha la malipo. Zinajua sana unadaiwa ngapi. Kama uliumia hapo ndani, hilo swali hakuna mtu amezifundisha kuuliza.

Na usidhani hatuna sababu. Februari 2018, kwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, mgonjwa alifunguliwa kichwa akitafutiwa damu iliyoganda kwa ubongo. Haikuwepo. Alikuwa mgonjwa si yeye. Aliyekuwa anahitaji upasuaji alikuwa mwingine, na huyu wa thieta alikuwa na uvimbe tu kichwani ambao haukuhitaji kisu. Iliripotiwa kwamba vitambulisho vya wagonjwa vilichanganywa. Nchi nzima ilishtuka, wafanyakazi wakasimamishwa kazi, na tukasonga.

Hicho kisa tulikijua kwa sababu kilikuwa kikubwa mno kufichika. Ile dozi mbili badala ya moja, ile kidonda kilichooza wodini, ile damu iliyochelewa, hizo haziendi kwa habari za saa moja. Familia inaambiwa "tulijaribu", inachanga ya mazishi, inasema ni mapenzi ya Mungu. Pengine ni kweli. Pengine kulikuwa na alama kwa faili na hakuna mtu alilifungua.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Huwezi kuweka kompyuta hosi. Lakini unaweza kuwa rada, hasa ukiwa ndiye unaketi na mathe au mbuyu wako wodini:

- Kila anayekuja na dawa au sindano, muulize kwa heshima: "Hii ni dawa gani, na ni ya nani?" Acha asome jina. Hujamkosea adabu.
- Andika kwa simu: dawa, saa, na mabadiliko yoyote. Ukipewa ripoti ya kuruhusiwa, ipige picha kabla ipotee.
- Dawa ikikufanyia vibaya, ripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Wana mfumo wa mtandaoni wa kupokea ripoti, na hata mgonjwa mwenyewe anaweza kutuma.
- Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako. Faili ni la hosi, lakini stori iliyo ndani ni yako. Iitishe.
- Ukiona kuna uzembe, baraza la kusimamia madaktari, KMPDC, hupokea malalamiko.

Na siku mwanasiasa au mkubwa wa hosi atasimama mbele ya kamera akisema wamenunua kompyuta za mamilioni, kuwa na swali moja tayari. Usiulize ni ngapi. Muulize: mwezi uliopita zilipata wagonjwa wangapi walioumizwa hapa ndani, na mlibadilisha nini?

Akisema sufuri, usipige makofi bado. Hosi yenye sufuri mara nyingi ni hosi ambayo haijaangalia.